Somo la Jikoni: Kuteleka, Kuunga na Kupalia

Wahenga walinena, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini je, mwenyeji atapona vipi ikiwa mpishi hajui wakati wa kuteleka chungu wala wakati wa kukiepua? Leo nataka tujifunze kuandaa mlo wa jioni wa wageni na kitindamlo chake, na papo hapo tujifunze vitenzi vya jikoni. Anayejua kitenzi sahihi amekwisha kuijua kazi yenyewe.

Mimi ni mvulana, na huku kwetu kati ya Kericho na Bomet wengi husema jikoni si mahali pa mwanamume. Mie siafiki hata kidogo. Mama yangu huchuma majani chai tangu asubuhi, kikapu mgongoni, mvua inyeshe ama jua liwake. Likizo ya Agosti niliazimia kumpikia yeye na shangazi zangu mlo wa shukrani. Kuku alikuwa mmoja tu na mayai matatu. Cha kujaribia hakikuwepo! Basi nilipanga kila kitu mapema, na mpango wenyewe ni huu.

Kwanza, jua unapikia wapi. Sisi tunaishi karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kule Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Hapa kwetu huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Yanatokota vilevile, lakini joto lake ni dogo, kwa hivyo vyakula vya kuchemsha huchelewa kuiva. Mpishi wa pwani akikuambia kuku wa kienyeji ni saa moja, wewe ongeza nusu saa, kisha mdunge kwa uma kabla hujaamini.

Pili, anza na vinavyosubiri. Mursik hutaka siku kadhaa: kibuyu husuguliwa ndani kwa makaa ya mti wa senetwet, kisha hutiwa maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Hiyo nilimwomba nyanya, maana mkono wake hauna mfano. Isagek, yaani mboga ya mgagani, niliichambua na kuichemsha jana yake, nikaitia maziwa ilale usiku kucha. Uchungu hupungua sana.

Siku yenyewe chakula kilipangwa kuliwa saa moja jioni. Nilihesabu saa kurudi nyuma.

Saa nane mchana: keki ya sufuria. Piga siagi gramu 125 na sukari gramu 125 mpaka ziwe laini. Tia mayai matatu, moja baada ya jingine. Chekecha unga wa ngano gramu 250 na bekingi poda kijiko kimoja cha chai, si viwili. Huku juu hewa ni nyepesi. Keki ikiumuka upesi mno hubonyea katikati. Ongeza maziwa kidogo kidogo hadi mchanganyiko udondoke polepole kutoka kwenye mwiko. Sasa weka mchanga ndani ya sufuria kubwa, pasha moto, keti sufuria ndogo ya keki juu yake, funika, kisha palia. Kupalia ni kutia makaa ya moto juu ya kifuniko. Chini yawe machache, juu yawe mengi. Baada ya dakika 45 choma kwa njiti. Ikitoka kavu, epua.

Saa kumi: teleka kuku, yaani mweke motoni na maji na chumvi.

Saa kumi na mbili kasorobo: muunge. Kaanga kitunguu, tia nyanya mpaka zilainike, kisha mtie kuku na supu yake kidogo.

Saa kumi na mbili na nusu: pasha isagek, halafu songa kimyet cha mahindi na wimbi. Hiki ni cha mwisho kabisa. Ugali haumsubiri mgeni. Mgeni ndiye huusubiri ugali.

Kitindamlo nacho kilikuwa vipande vya keki, ndizi mbivu, na chai ya maziwa yenye tangawizi, majani yakiwa ya papa hapa kwetu.

Wageni walikula wakashiba. Shangazi mmoja akauliza, "Ni msichana wa nani huyu amepika?" Mama akalitaja jina langu, na hakuna aliyecheka.

Enyi wavulana wenzangu, hapo mna la kusema? Mkono unaoweza kushika kalamu hauwezi kushindwa na mwiko.

Zoezi: Tunga sentensi moja moja kwa vitenzi hivi: teleka, epua, chekecha, unga, palia, songa. Kisha nenda nyumbani ukavitende. Kwaherini!