Kimeng'enya Kinachopandisha Shinikizo la Damu na Dawa Zinazokizuia

Umekwisha kujifunza kwamba kila kimeng'enya kina sehemu tendaji, na kwamba dutu huingia humo kama ufunguo katika kufuli. Tumia kanuni hiyo hiyo hapa.

Hatua kwa mpangilio

1. Shinikizo la damu likishuka, figo hutoa kimeng'enya kiitwacho renini.
2. Renini hukata anjiotensinojeni, protini inayotengenezwa na ini. Hupatikana anjiotensini I, yenye asidi amino 10 na nguvu ndogo.
3. Kimeng'enya kibadilishi cha anjiotensini kipo kwenye ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, hasa kapilari za mapafu. Huondoa asidi amino 2, ikabaki anjiotensini II yenye asidi amino 8.
4. Anjiotensini II hubana ateri ndogo. Pia huchochea tezi za adrenali kutoa aldosteroni, homoni inayozifanya figo zihifadhi sodiamu na maji. Shinikizo hupanda.

Dawa hufanyaje kazi?

Kaptoprili, enalaprili na lisinoprili huzuia hatua ya 3. Dawa hukaa kwenye sehemu tendaji, hivyo anjiotensini I hukosa nafasi. Mishipa hulegea na shinikizo hushuka. Kaptoprili ilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili, Bothrops jararaca. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1981.

Kimeng'enya hiki pia huvunja bradikinini. Kikizuiwa, bradikinini hulimbikizana, na baadhi ya wagonjwa hupata kikohozi kikavu. Wajawazito hawapewi dawa hizi kwa sababu humdhuru mtoto aliye tumboni.

Angalizo

Usiandike "dawa huua kimeng'enya". Kimeng'enya si kiumbe hai, na dawa hizi hazikiharibu. Hukizuia kwa muda tu.

Swali

Mgonjwa wa shinikizo la juu la damu aliacha lisinoprili baada ya vipimo vyake kuwa vya kawaida. Baadaye shinikizo lilipanda tena. Eleza sababu. (Alama 4)

Jibu

(i) Figo ziliitoa dawa mwilini kupitia mkojo.
(ii) Sehemu tendaji ya kimeng'enya ilibaki wazi.
(iii) Anjiotensini I iligeuzwa tena kuwa anjiotensini II.
(iv) Ateri ndogo zilibanwa, sodiamu na maji vikahifadhiwa, shinikizo likapanda.

Kumbuka: vipimo vilikuwa vya kawaida kwa sababu dawa ilikuwa ikifanya kazi, si kwa sababu ugonjwa ulikuwa umepona.