Kichwa Kimechoka, Hakijafa



Katika madarasa ya kisomo cha watu wazima husikika lalamiko hili: "Mwalimu, herufi za jana zimepotea zote. Kichwa changu kimekufa." Wengine huacha darasa kwa sababu hiyo. Wapo wanaodhani wamerogwa, au kwamba umri wa kusoma umewapita. Tafadhali soma somo hili kabla ya kukata tamaa.

KWA NINI TUNASAHAU?

Mtu akipatwa na hofu, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga katika damu homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, sukari huongezeka katika damu, na miguu hupata nguvu. Homoni hizo ndizo zilizomsaidia mama kukimbia na mtoto mgongoni.

Shida huanza pale hatari inapopita lakini wasiwasi unabaki: habari za nyumbani, chakula kidogo, kuamka usiku wa manane. Kotisoli ikizidi kwa muda mrefu, husumbua sehemu ya ubongo inayopokea mambo mapya na kuyahifadhi. Ndiyo maana mtu hukumbuka siku ya kukimbia kana kwamba ni jana, lakini husahau alipoweka kadi ya chakula asubuhi.

JE, MTU MZIMA ANAWEZA KUJIFUNZA?

Ndiyo. Mwaka 2009 yalitolewa matokeo ya uchunguzi kutoka Kolombia. Wataalamu walipiga picha za ubongo za watu waliokuwa wapiganaji msituni, wakaweka silaha chini, wakajifunza kusoma wakiwa watu wazima. Walipolinganishwa na wenzao ambao hawakuwa wamejifunza, sehemu kadhaa za ubongo zinazotumika katika kusoma zilionekana zimejengeka zaidi. Watu hao nao walikuwa wametoka vitani.

Ubongo basi ni kama shamba: panapolimwa kila siku ndipo panapoota.

TUFANYE NINI?

1. Jifunze kidogo kila siku. Andika herufi tano mchangani kwa kijiti, uzirudie jioni. Hiyo inafaa kuliko saa tatu mara moja kwa wiki.
2. Jitahidi kulala. Usiku ubongo hupanga yale uliyojifunza mchana.
3. Tumia mwili: bustani, mpira, ngoma, kutembea. Mazoezi hupunguza wasiwasi na kusaidia usingizi.
4. Zungumza na mtu unayemwamini. Moyo ukipata nafuu, na kichwa hupata nafasi.
5. Cheza na watoto na ujibu maswali yao. Ubongo wa mtoto hujengeka kwa kuongeleshwa. Hadithi na vitendawili havihitaji pesa.

LINI UTAFUTE MSAADA?

Usingizi ukikosekana kwa wiki nyingi, mambo ya vita yakikurudia kana kwamba yanatokea tena, au ukifikiria kujiua, usikae peke yako. Nenda kituo cha afya, au mwambie mhudumu wa afya wa eneo lako. Jambo hilo si aibu, na wengi waliopata msaada wamepona.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni mambo gani yanayotuondolea usingizi hapa kambini?
2. Nani katika eneo letu ameacha darasa? Tutamrudishaje?

Ukimaliza, msomee jirani asiyejua kusoma.