Nyota Mbili Zizungukanazo

Wanafunzi huniuliza: twajuaje kwamba nyota mbili ni jozi, na hatuwezi kuzitenganisha kwa darubini?

Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Ndiyo iliyogundua Hercules X-1, nyota ndogo mno itoayo eksirei kwa mapigo, moja kila sekunde 1.24, kama mshipa wa damu. Kila siku 1.7 mapigo hukatika kwa muda.

Karibu nayo wataalamu waliijua nyota HZ Herculis, ambayo mwanga wake hupanda na kushuka. Walipopima, wakakuta siku zile zile 1.7! Tena eksirei zinapofichwa ndipo mwanga ulipo hafifu kabisa.

Mtu aotaye moto huungua uso, mgongo una baridi. HZ Herculis nayo yachomwa upande mmoja na eksirei za mwenziwe. Ikitugeuzia mgongo, mwenziwe yu nyuma yake, amefichika. Mionzi ya urujuanimno huzuiwa na hewa yetu, basi setilaiti ya IUE, iliyorushwa mwaka 1978, iliipima huko juu, ikakuta nayo yafuata mwendo ule ule.