PUMU YA NGOZI: Kipi cha tiba ya Kihindi kinafaa, kipi ni hatari?

Baridi ya Juni hadi Agosti ikishuka Old Moshi, ngozi nyingi huanza kukauka na kuwasha. Tuchukue mfano wa mtoto wa miaka mitatu. Mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti imekakamaa na kutoa magamba, na usiku halali kwa kujikuna. Bibi anasema mtoto ana damu chafu. Jirani anamshauri mama ateremke Moshi mjini anunue unga wa dawa ya Kihindi, aukoroge kwa maji na kumnywesha mtoto ili damu isafike. Je, mama huyu afuate ushauri huo? Hilo ndilo somo letu la leo.

Ugonjwa wenyewe

Kwa Kiswahili cha vitabuni ugonjwa huu huitwa ukurutu. Wengi wetu tunauita pumu ya ngozi, kwa kuwa mara nyingi hukaa katika ukoo mmoja na pumu ya kifua. Hautokani na damu chafu wala uchawi, na hauambukizi. Ngozi ya mgonjwa ina ukuta dhaifu. Unyevu hutoka upesi, na vitu vinavyowasha huingia upesi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi usitafute wekundu tu. Mara nyingi ngozi huwa nyeusi zaidi au ya kijivu, nene, yenye vipele vidogo vidogo.

Kama nyumba nzima inajikuna usiku, na kuna vipele katikati ya vidole, hapo shuku upele. Huo unaambukiza, na dawa yake ni nyingine.

Tiba ya Kihindi inasemaje?

Ayurveda ni elimu ya kale ya tiba ya Bara Hindi. Inafundisha kwamba mwili unaongozwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, na kwamba mizani yake ikiharibika maradhi hutokea. Viungo vyake vingi tayari tunavyo majumbani. Tuvipime kimoja kimoja.

Mafuta ya nazi: Haya yana ushahidi. Utafiti wa Ufilipino uliochapishwa mwaka 2014 uliwahusisha watoto 117 wenye pumu ya ngozi isiyo kali sana. Baada ya wiki 8, waliopakwa mafuta ya nazi safi yasiyochujwa kwa kemikali walipata nafuu zaidi kuliko waliopakwa mafuta ya madini.

Samli: Wahindi huiosha kwa maji mara mia moja hadi iwe nyeupe na laini, kisha huipaka. Inalainisha ngozi, lakini samli ya sokoni usiyojua usafi wake usiiweke kwenye ngozi iliyochubuka.

Shubiri: Tumia ute wa ndani tu. Yale maji ya njano yaliyo chini ya ganda yanawasha.

Manjano: Yanatia rangi ngozi na nguo, na wapo wanaowashwa nayo. Jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono, usubiri siku mbili.

Mwarobaini: Usimnyweshe mtoto mafuta yake kabisa. Wapo watoto wachanga waliopata degedege na wengine kufariki baada ya kunyweshwa.

Mafuta ya zaituni yana heshima yake kwetu Waislamu, na hatusemi yasiliwe. Lakini kwa ngozi hii tuwe waangalifu. Utafiti wa Sheffield, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa yanadhoofisha ukuta wa ngozi, wakati mafuta ya alizeti hayakufanya hivyo.

Hatari iko kwenye kunywa

Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walipima dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani. Dawa 14, yaani moja katika kila tano, zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na madhara yake hayarudi nyuma. Kwa hiyo jibu kwa mama yetu ni hili: mafuta ya kupaka, sawa, unga wa kunywesha usiojulikana umetengenezwa na nani, hapana. Hapa nchini lipo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002. Dawa isiyosajiliwa iache dukani.

Jihadhari pia na krimu isiyo na maandishi inayoponya kwa siku mbili. Mara nyingi krimu za namna hiyo huwa zimetiwa steroidi kali. Steroidi ni dawa nzuri ikitolewa na mtaalamu kwa kipimo. Ikitumiwa ovyo huifanya ngozi kuwa nyembamba.

Udhu na ngozi inayouma

Mwenye pumu ya ngozi mikononi na miguuni anaosha mara tano kwa siku, na maji mengi hukausha ngozi. Fanya hivi:

1. Tumia maji ya uvuguvugu, si ya moto. Usifanye israfu, Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita moja. Kuosha kiungo mara moja ndiyo faradhi, mara tatu ni sunna.
2. Jifute taratibu kwa taulo laini, usisugue. Wanazuoni wengi wameruhusu kujifuta baada ya udhu.
3. Paka mafuta papo hapo, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote.
4. Udhu unaofuata, futa kwanza mafuta mazito ili maji yafike kwenye ngozi.

Kuna kisa cha sahaba aliyejeruhiwa kichwani safarini. Wenzake walimwambia hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) aliwakemea vikali na kuwafundisha kuwa tiba ya asiyejua ni kuuliza. Basi ngozi ikipasuka na maji yakaidhuru, muulize shekhe wako kuhusu kutayamamu au kupangusa.

Nyumbani, acha kumwogesha mtoto kwa sabuni ya mche na kumsugua kwa dodoki. Sweta la sufi lisiguse ngozi; mvalishe pamba kwanza. Kata kucha zake ziwe fupi.

Lini uende hospitali?

Usingoje ukiona usaha, homa, malengelenge yanayouma au vidonda vinavyoenea haraka. Watu wa Old Moshi wana bahati: pale KCMC, chini yao tu, kipo kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, kilichoanzishwa mwaka 1992. Wanafunzi wa nchi nyingine za Afrika husafiri kuja kusoma hapo, nasi tuko umbali wa nauli ya daladala. Nenda na dawa zote ulizotumia, pamoja na zile za Kihindi, uwaonyeshe bila aibu.

Mtoto ni amana. Tuulize kabla ya kumnywesha. Wallahu a'lam.