Bima Moja, Magari Manne, na Herufi Moja Iliyotutoa Jasho

Simu ya mdogo wangu ilinikuta Stesheni, hapa Nachingwea, nimekaa juu ya tairi namsubiri fundi amalize bushi za IST yangu. Yeye alikuwa Ruangwa na Hilux, nyuma amepakia magunia ya korosho za mama anazipeleka ghala la AMCOS, chama cha ushirika.

"Kaka, trafiki anasema gari haina bima."

Nikacheka. Bima tulikuwa tumekata wiki tatu nyuma, magari manne kwa mpigo, na pesa tumelipa yote. "Mwonyeshe karatasi, ipo kwenye dashibodi."

"Ameiona. Anasema karatasi ni yetu, ila namba iliyoandikwa si ya gari hili."

Afande akapewa simu. Aliongea kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi zaidi: "Mzee, nimeingiza namba ya gari kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA, haipo. Iliyoko kwenye karatasi yenu ni ya gari jingine." Faini 30,000. Hilux ikalala kituoni, korosho zikabaki juani hadi jioni, na mama akanipigia mara sita. Mara ya sita hakusema neno, alipumua tu.

Kosa lilikuwa nini? Herufi moja. Hilux yetu inaishia na BBD. Wakala aliandika BDD.

Wengi wameniuliza jinsi ya kuweka magari ya familia kwenye bima moja bila kuumia, kwa hiyo naandika hatua tano. Za kukata bima yenyewe nazipita, wakala yeyote atakuonyesha.

Kwanza nieleze kwa nini tulijiingiza. Tuna magari manne: IST yangu, Noah ya kaka mkubwa anayekaa Ruangwa, Vitz ya dada ambaye ni mwalimu, na Hilux ya marehemu baba. Kila moja bima yake ilikuwa inaisha mwezi wake. Ya Vitz iliisha Machi. Anayejua huku kwetu anajua Machi ni mwezi gani: korosho zimeshaliwa, ufuta bado uko shambani, kilichopo ni mvua na madeni. Tukaona tuziunganishe zote ziishe Novemba, wakati malipo ya minada ya korosho ya RUNALI, chama chetu kikuu cha ushirika, yanaingia na kila mtu ana kitu mfukoni. Wazo lilikuwa zuri, na hadi leo nalitetea.

Tatizo lilikuwa wakala. Alikuja na pikipiki, shati jeupe na tai, kwenye vumbi hili. Akaketi chini ya mwembe, akaomba namba za magari, kaka akawa anamtajia kwa kichwa huku yeye akiandika kwenye daftari dogo la shule. Hakuinuka kwenda kuangalia hata gari moja. Alivyotushawishi: "Ninyi ni familia, mnaingia fungu moja, punguzo lipo." Tangu siku hiyo wakala asiyeinuka kwenda kusoma namba kwenye gari lenyewe simpi hata maji ya kunywa.

Hatua ya kwanza: kadi. Angalia jina lililo kwenye kadi ya kila gari. Kuishi nyumba moja hakumfanyi mtu mmiliki wa gari la mwenzake. Sisi magari yote manne yaliandikwa kwa jina la kaka, wakati kadi zina majina ya watu wanne, na mmoja wao ni marehemu. Hilux ndiyo iliyotusumbua zaidi. Kampuni ilituuliza swali moja tu, tukatazamana: "Huyu mwenye bima ana haki gani na mali ya marehemu?" Ilibidi tumalize kwanza mambo ya mirathi Mahakama ya Mwanzo, kaka akateuliwa msimamizi, ndipo tukaanza safari ya TRA kubadilisha umiliki. Kama mna gari la mzee aliyefariki, anzieni hapo kabla hamjamwita wakala.

Hatua ya pili: matumizi. Namba ya njano ni gari binafsi, namba nyeupe ni gari la biashara, na bima inafuata hivyo hivyo. Kaka yangu nampenda, lakini siku za mnada Noah yake yenye namba za njano inageuka daladala. Nimemwambia mara nyingi: ukipata ajali na abiria wanaolipa nauli kwenye bima ya gari binafsi, kampuni ina sababu ya kukukatalia, na utabaki wewe na ndugu wa majeruhi. Huwa ananijibu, "Hao si abiria, hao ni majirani." Hilux pia tulikubaliana: korosho za mama, sawa. Korosho za watu kwa malipo, hapana.

Hatua ya tatu: bima kubwa au ndogo? Gari la zamani kama Hilux yetu, ndogo inatosha. Mwaka ule ilikuwa 118,000 pamoja na VAT. Vitz ya dada, yenye thamani ya milioni 10, tuliikatia kubwa kwa asilimia 3.5, yaani 350,000, na VAT ikaifikisha 413,000. Bima kuwa moja hakulazimishi magari yote yawe na aina moja ya kinga. Basi.

Hatua ya nne, kuhakiki namba, ndiyo iliyonigharimu, msiipite haraka.

Siku ya pili baada ya Hilux kukamatwa nilikwenda Masasi kumtafuta wakala, kama kilomita 45 za vumbi, IST ikilia kila kiungo. Nikamkuta. "Bosi, hilo ni kosa dogo la uandishi tu." Dogo! Nikamuuliza: kama Hilux ingemgonga mtu pale Mnacho, huyo mtu angelipwa na herufi ipi? Akainama kwenye kompyuta, akarekebisha kwa dakika kumi. Kitu cha dakika kumi kilichotulaza kituoni.

Njiani kurudi nikagundua kosa lilizaliwaje. Kaka alitaja "B, B, D" chini ya mwembe, upepo unavuma, kuku wanalia. Kwa mdomo wetu, B na D zinafanana kama mapacha. M na N ni vivyo hivyo. Ndiyo maana sasa tunafanya hivi: mtu mmoja anasimama mbele ya bampa, haangalii kadi wala hatumii kichwa, anasoma namba iliyoko kwenye gari lenyewe, na kila herufi anaipa jina. Mwingine anaingiza kwenye ukurasa wa TIRA wa kuhakiki bima, kwenye simu yake. Tunaangalia namba, aina ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha, gari moja moja, maana kila gari kwenye fungu lina stika yake ya kielektroniki. Tatu kuwa sawa hakuiokoi ya nne. Namba ya chesisi tunalinganisha na kadi. Wakala haondoki hadi magari yote manne yasome.

Kazi ya kusoma tumempa mama. Hajui kuendesha hata baiskeli, lakini anasimama mbele ya Hilux na kanga yake, anatamka taratibu: "B ya baba. B ya baba tena. D ya dada." Tangu aanze, hatujakosea.

Hatua ya tano ilikuwa kuhusu kugawana malipo, lakini nikiianza nitakumbuka kisa cha Noah. Kaka alirudi nyuma akagonga gogo la mwembe, akadai kwenye bima kubwa, akalipwa. Mwaka uliofuata punguzo letu likaondoka, la wote wanne. Dada alitoa hesabu yake mbele ya kikao cha familia, kwa sauti ya mwalimu: "Mimi Vitz yangu haijawahi hata kukwaruzwa. Kwa nini nalipia gogo?"

Kaka akasema mwembe ndio uliosogea. Kikao bado hakijafungwa, na Novemba hiyo inakuja.