Sina Kazi, Kwa Hiyo Sina Maana?



Leo nina somo la ushauri nasaha, na nitaanza na kosa nililolifanya mwenyewe.

Kuna kijana wa jumuiya yetu, nimwite tu mdogo wangu. Alimaliza chuo, akakaa nyumbani miaka mitatu na bahasha ya vyeti. Usaili huku, usaili kule, hakuna kitu. Jioni moja baada ya mazoezi ya kwaya alibaki nyuma, akaniambia, "Kaka, nikiamka asubuhi sioni hata nimeamkia nini." Nami, mlezi wa vijana mwenye semina mbili za ushauri nasaha kichwani, nikamjibu palepale: usikate tamaa, Mungu ana mpango na wewe, sali, subiri wakati wake. Akasema, "Asante, kaka." Akaenda zake. Miezi miwili sikumwona kwenye kwaya.

Nilichosema hakikuwa uongo. Tatizo ni kwamba hakuniuliza kama Mungu ana mpango. Aliniambia haoni sababu ya kuamka, na mimi sikumsikiliza hata dakika tano.

Swali lake lina tawi zima la ushauri nasaha, linaloitwa la kidhanaishi. Waliosoma Kiswahili kidato cha tano na sita wanalikumbuka neno hilo. Tulikutana nalo kwenye Kichwamaji ya marehemu Euphrase Kezilahabi, riwaya ya 1974, ambayo Kazimoto anaimaliza kwa kujiua. Wengi tulikariri kwa ajili ya mtihani kwamba udhanaishi ni kusema maisha hayana maana. Basi! Kumbe hiyo ni nusu tu. Wadhanaishi wote wanauliza kuhusu kifo, uhuru, upweke na maana. Majibu yao hayafanani hata kidogo.

Mmoja aliyejibu kwa njia nyingine ni Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili, Myahudi, aliyezaliwa Vienna mwaka 1905. Akiwa bado kijana, mwishoni mwa miaka ya 1920, alishiriki kuanzisha vituo vya kuwashauri vijana bila malipo. Halafu ukaja mdororo wa uchumi, na mwaka 1933 akaandika kuhusu vijana wasio na ajira waliokuwa wakimjia wakiwa wamevunjika moyo. Aligundua kwamba walikuwa wamejumlisha hesabu mbili za uongo. Ya kwanza: sina kazi, kwa hiyo sina faida kwa mtu. Ya pili: sina faida, kwa hiyo maisha yangu hayana maana. Akawashawishi wajitolee kwenye vikundi vya vijana, kwenye elimu ya watu wazima, kwenye maktaba. Mfukoni hakukuongezeka hata senti, njaa ilikuwa palepale, lakini ile huzuni nzito iliwaondoka.

Niliposoma hapo nikafunga kitabu. Mdogo wangu alikuwa ameandikwa miaka mingi kabla hajazaliwa.

Na asije mtu akasema Frankl aliongea kwa sababu alikuwa ameshiba. Mwaka 1942 alikamatwa pamoja na mke wake na wazazi wake. Alipita kambi nne za Wanazi, Auschwitz ikiwemo. Yeye alikombolewa Aprili 1945, lakini baba, mama, kaka yake na mke wake Tilly wote walikufa. Alirudi Vienna na kuendelea kuwatibu watu kwa njia yake, logotherapia, yaani tiba kwa njia ya maana.

Alifundisha kwamba mtu huipata maana kwa njia tatu: kwa kazi anayoifanya, kwa kumpenda mtu au kuguswa na kitu kizuri, na kwa namna anavyosimama mbele ya mateso yasiyoepukika. Hapo kwenye yasiyoepukika naomba tukae kidogo, maana sisi watu wa kanisani tunapateleza sana. Jino likiuma, nenda ukang'oe. Dada anayepigwa nyumbani hahitaji kuambiwa atafute maana ya kipigo. Anahitaji kutolewa humo leo. Frankl mwenyewe alisema wazi kwamba mateso yanayoweza kuondolewa yaondolewe kwanza.

Alisimulia juu ya daktari mzee aliyefiwa na mke, miaka miwili imepita na bado hajainuka. Frankl hakumhubiria. Alimuuliza tu ingekuwaje kama yeye ndiye angetangulia. Mzee akasema mkewe angeteseka mno. Frankl akamwonyesha kwamba mateso hayo mkewe ameepushwa, na gharama yake ndiyo hii anayoilipa yeye kwa kubaki na kulia. Mzee akampa mkono, akaondoka.

Ndiyo maana alifananisha mshauri na daktari wa macho. Mchoraji hukupa picha ya dunia kama anavyoiona yeye. Daktari wa macho hukusaidia uione mwenyewe. Mimi siku ile nilikuwa mchoraji.

Nikamfuata nyumbani. Nilimkuta uani anafua. Safari hii nilimuuliza jana yake ilikuwaje, kuanzia alipoamka, nikanyamaza. Nikamuuliza pia, waziwazi, kama huwa anafikiria kujiua. Akasema hapana, ila amechoka. (Angesema ndiyo, somo la maana lingengoja: usimwache peke yake, waite ndugu zake, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.)

Baadaye nikamuuliza, "Usipokuwepo hapa, nani atakutafuta?"

Alikaa kimya mpaka nikaanza kuona aibu. Kisha akasema, bibi. Ana sukari, haoni vizuri, na yeye ndiye anayempimia na kumpa dawa. Akafikiri tena: na watoto wawili wa jirani, wa darasa la saba, huwa anawafundisha hesabu jioni. "Lakini hiyo siyo kazi, kaka."

Nilitamani sana kusema, "Si unaona!" Nikajiuma ulimi. Akasuuza shati, akalianika, halafu akasema kama anajisemea mwenyewe, "Yule mdogo bado sehemu zinamsumbua."

Kazi hajapata mpaka leo, na bado anatuma maombi kila nafasi ikitangazwa. Njaa haitibiwi kwa maana. Kwaya amerudi, kwenye besi. Watoto sasa wamefika sita. Juzi alinitumia ujumbe akiuliza kama parokiani kuna chaki za ziada.