Seva ya Muziki Nyumbani: Hesabu, Umeme na Chumvi ya Pwani

Utangulizi

Mji wa Tanga una nafasi ya pekee katika historia ya muziki wa Afrika Mashariki. Hapo ndipo vikundi vya Black Star na Lucky Star vilipoipa taarab sura mpya kwa kutumia gitaa za umeme, na ndipo Shakila Said, aliyefariki mwaka 2016, alipojipatia jina. Hapo pia ndipo zilipovuma bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Nyimbo nyingi za vikundi hivyo zilitolewa katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na nyingine zilihifadhiwa katika kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa Black Star na Lucky Star uitwao Nyota.

Wimbo uliotolewa kwa njia hizo una nakala nyingi, na ukipotea hapa huenda ukapatikana kule. Lakini kuna hazina nyingine isiyo na nakala: kaseti zilizorekodiwa majumbani, harusini na katika mazoezi ya vikundi, Tanga, Pangani, Muheza na visiwani. Kaseti ya namna hii ikiharibika, sauti iliyomo imekwisha duniani. Tena maadui wake ni wengi: unyevu hudhoofisha gundi inayoshika unga wa sumaku juu ya utepe, kuvu huota, na mashine za kuchezea kaseti zenyewe zinazidi kuadimika.

Familia na shule kadhaa zimekwisha kuanza kuhamisha sauti hizo kwenye kompyuta. Swali linalofuata ndilo tutakalolishughulikia katika makala haya: baada ya kuhamishwa, zihifadhiwe wapi na zisikilizwe vipi? Jibu moja ni seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayokaa mahali pamoja, ikitunza faili zote za muziki na kuzigawa kwa simu, redio na kompyuta nyingine zilizomo nyumbani. Mashauri mengi kuhusu uchaguzi wa seva yameandikwa kwa ajili ya nchi zenye baridi na umeme usiokatika. Sisi tutaanza na mambo ya msingi ya fizikia na kemia, kisha tuone yanatuelekeza wapi katika mazingira ya pwani yetu.

1. Kutoka wimbi hadi tarakimu

Mwanafunzi atakumbuka kwamba sauti ni mtetemo wa hewa. Sikio la kijana mwenye afya husikia mitetemo kuanzia kiasi cha 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Ili kuligeuza wimbi kuwa tarakimu, chombo hupima kimo chake mara nyingi kila sekunde na kuandika kila kipimo kama namba. Kanuni inayohusishwa na Harry Nyquist na Claude Shannon inatuambia kwamba idadi ya vipimo lazima izidi mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa tunaotaka kuuhifadhi. Ndiyo maana diski za CD, zilizoingia sokoni mwaka 1982, hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde, idadi inayozidi kidogo mara mbili ya 20,000.

Kila kipimo huandikwa kwa biti 16, na kwa kuwa kuna chaneli mbili, ya kushoto na ya kulia, tunapata:

44,100 × 16 × 2 = biti 1,411,200 kwa sekunde.

Baiti moja ni biti 8. Kwa hiyo sekunde moja huhitaji baiti 176,400, na saa moja huhitaji baiti 635,040,000, yaani takriban megabaiti 635.

2. Je, tunahitaji nafasi kiasi gani?

Tuchukue mfano wa nyumba yenye kaseti 200 za dakika 60, na santuri 300 zenye dakika 3 kila upande. Kaseti zitatoa saa 200. Santuri zitatoa dakika 1,800, ambazo ni saa 30. Jumla ni saa 230.

Bila kubanwa: 230 × megabaiti 635 = gigabaiti 146 hivi.

Kwa mtindo wa FLAC, uliotolewa mwaka 2001, faili hubanwa bila kupoteza hata biti moja. Kiasi cha kubanwa hutegemea muziki wenyewe. Tukikadiria kwamba hubaki asilimia 60, tutahitaji gigabaiti 88.

Kwa mtindo wa MP3 wa biti 128,000 kwa sekunde, saa moja ni megabaiti 57.6, na mkusanyo mzima ni kama gigabaiti 13.

MP3 hupunguza ukubwa kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi. Kinachotupwa hakirudi. Kwa kusikilizia katika simu hakuna ubaya. Kwa kuhifadhi kaseti ambayo kesho haitachezeka tena, si busara. Hifadhi asili kwa FLAC, kisha utengeneze MP3 kutoka humo kila inapohitajika.

Hesabu hii yafunua jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitazamii. Mkusanyo ambao ungeonekana mkubwa sana kabatini haujazi hata sehemu ya kumi ya diski ya terabaiti moja, ambayo ni gigabaiti 1,000. Kwa hiyo ukubwa wa diski si tatizo letu. Fedha ambayo ingenunua diski moja kubwa ni afadhali inunue diski mbili za wastani.

Vivyo hivyo kuhusu nguvu ya kompyuta. Kupeleka biti milioni 1.4 kwa sekunde kwa msikilizaji mmoja ni kazi nyepesi, ambayo mtandao wa kawaida wa nyumbani usiotumia waya huimudu bila taabu. Tena seva hufanya kazi ndani ya nyumba pasipo kuunganishwa na intaneti. Atakayesikiliza hatatumia bando hata kidogo.

3. Aina za seva na matumizi ya umeme

Seva ni kifaa kinachowashwa usiku na mchana. Basi kipimo muhimu ni wati zake. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Tukizidisha wati kwa 720 na kugawanya kwa 1,000 tunapata uniti za umeme. Tutumie makadirio yafuatayo, ambayo mwalimu aweza kuyasahihisha kwa mita:

(a) Kompyuta ya mezani ya zamani, wati 80: uniti 57.6 kwa mwezi.
(b) Kisanduku maalumu cha diski mbili, kama vile vya Synology au QNAP, wati 20: uniti 14.4.
(c) Kompyuta mpakato iliyotumika, wati 15: uniti 10.8.
(d) Kompyuta ndogo ya bodi moja, mfano Raspberry Pi, ambayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2012, pamoja na diski isiyozunguka, wati 5: uniti 3.6.

Katika bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, kundi la wateja wadogo wa nyumbani, D1, liliwekewa wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Kompyuta ya zamani, hata ikipatikana bure, ingekula zaidi ya robo tatu ya kiasi hicho. Cha bure kinaweza kuwa ghali.

Umeme unapokatika ghafla wakati diski inaandikwa, orodha ya faili huweza kuvurugika. Kompyuta mpakato ina faida hapa, kwa sababu betri yake huipa muda wa kujizima kwa utaratibu. Lakini betri iliyochajiwa daima katika joto huchakaa na pengine huvimba. Ikaguliwe kila mara. Kwa aina nyingine inafaa kuongeza kifaa cha akiba ya umeme kati ya soketi na seva. Kifaa kidogo kinatosha kwa mashine ya wati 5, ambapo kwa mashine ya wati 80 kitaisha upesi.

4. Chumvi, unyevu na joto

Sasa tufikie suala la pwani yenyewe. Upepo wa bahari huchukua chembe ndogo sana za chumvi na kuziingiza majumbani. Chumvi kavu haina madhara makubwa. Lakini unyevuanga ukizidi asilimia 75 hivi, chumvi ya kawaida hufyonza maji kutoka hewani mpaka ikayeyuka yenyewe. Kila mpishi wa pwani ameliona jambo hili katika kibakuli chake cha chumvi wakati wa masika. Maji hayo ya chumvi yana ioni, hupitisha umeme, na hula shaba na bati katika viungo vya mitambo. Hivyo ndivyo kutu ya vifaa vya elektroniki inavyoanza.

Watu wengi hudhani kwamba dawa ni kuzima kifaa na kukifunika. Tupime wazo hilo. Tuseme hewa ya chumbani ina nyuzi 28 za Selsiasi na unyevuanga wa asilimia 80. Kanieneo ya mvuke uliojaa katika nyuzi 28 ni kilopaskali 3.78, kwa hiyo mvuke uliopo una kanieneo ya 0.80 × 3.78 = 3.02. Ndani ya kifaa kilichowashwa joto huweza kufika nyuzi 35, ambapo mvuke uliojaa una kilopaskali 5.63. Unyevuanga hapo ni:

3.02 ÷ 5.63 = 0.54, yaani asilimia 54.

Maji hayakuondolewa hewani, lakini kwa kupanda nyuzi 7 tu tumeshuka chini ya mpaka wa asilimia 75, na chumvi iliyomo inabaki kavu. Kifaa kilichozimwa kina joto sawa na la chumba; chumvi yake hulowa usiku kucha. Kumbe seva ndogo yenye uvuguvugu wa kudumu hujikausha yenyewe. Kinyume chake, kifaa chenye feni kubwa huvuta ndani chembe za chumvi na vumbi. Kwa pwani, basi, tuchague mashine isiyo na feni, yenye wati chache, iwekwe chumba cha ndani, mbali na dirisha linaloelekea bahari, juu ya rafu yenye nafasi ya hewa.

5. Nakala ya pili, na ya tatu

Baadhi ya visanduku vyenye diski mbili huandika kila faili mara mbili. Mpango huo husaidia diski moja ikifa. Hausaidii mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, radi ikipiga, mwizi akiingia, au maji yakifurika chumbani, kwa maana diski zote mbili zimo katika kisanduku kimoja. Kanuni inayokubalika na watunza kumbukumbu ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba.

Kwa nakala itakayokaa bila umeme, diski ya sumaku inayozunguka inafaa kuliko ile ya elektroniki, kwa kuwa chaji ya diski ya elektroniki hupungua polepole inapoachwa bila umeme, hasa penye joto. Itiwe katika chombo kisichopitisha hewa pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, ipelekwe kwa ndugu anayeishi mbali na bahari, Korogwe au Lushoto kwa mfano, na ichunguzwe kila mwaka.

6. Programu na majina

Seva bila programu ni kabati lisilo na milango. Historia ya Squeezebox ina funzo. Kampuni ya Slim Devices ilibuni redio za kusikiliza muziki kutoka seva ya nyumbani. Logitech iliinunua mwaka 2006, ikaacha kutengeneza redio hizo mwaka 2012, na huduma yake ya mtandaoni ikafungwa mwaka 2024. Hata hivyo programu ya seva ilikuwa wazi kwa kila mtu kuisoma na kuirekebisha. Kwa hiyo wapenzi wake waliendelea nayo, na leo inaitwa Lyrion Music Server. Programu nyingine za aina hiyo ni Jellyfin na Navidrome. Tuchague programu iliyo wazi, na faili zetu zikae katika mafolda ya kawaida yanayoweza kusomwa hata programu ikitoweka.

Tahadhari moja yahusu majina. Programu nyingi hupanga muziki kwa msanii na albamu. Santuri ndogo za Tanga hazina albamu, na wimbo wa taarab una mtunzi, mwimbaji na kikundi, ambao si mtu yule yule. Tumia sehemu ya mtunzi iliyomo katika faili, na katika maelezo andika mahali, mwaka, na aliyetoa kaseti. Wazee wanaowatambua waimbaji kwa sauti waulizwe sasa. Diski haiwezi kuhifadhi jina ambalo halikuandikwa.

Mwisho, seva ya nyumbani ni ya nyumbani. Kusambaza au kuuza nakala kunatawaliwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kunahitaji idhini ya wenye haki.

Hitimisho

Ndugu msomaji ataona kwamba uchaguzi wetu haukuongozwa na matangazo ya biashara. Hesabu ya biti imetuonyesha kuwa diski kubwa na kompyuta yenye nguvu havihitajiki. Hesabu ya uniti imetukataza mashine ya zamani. Hesabu ya mvuke imetupendekezea mashine ndogo isiyozimwa. Kwa mkusanyo wa kiasi tulichokitaja, kompyuta ya bodi moja, diski mbili na kifaa kidogo cha akiba ya umeme vinatosha. Kazi iliyobaki haina mashine ya kuifanya kwa niaba yetu, nayo ni kuzitoa kaseti kabatini kabla ya masika mengine.

Maswali na mazoezi

1. Santuri nyingi za zamani zilirekodiwa kwa chaneli moja tu. Kokotoa nafasi inayohitajika kwa saa 30 za sauti ya chaneli moja, bila kubanwa.

2. Kanda fulani inarekodiwa kwa vipimo 96,000 kwa sekunde, biti 24, chaneli mbili. Saa moja itahitaji megabaiti ngapi? Je, kuna faida gani ikiwa kanda yenyewe haina mitetemo inayozidi 15,000 kwa sekunde?

3. Hewa ina nyuzi 28 na unyevuanga wa asilimia 90. Tumia namba zilizotolewa hapo juu kupata unyevuanga ndani ya kifaa chenye nyuzi 35. Je, chumvi itayeyuka?

4. Weka chumvi kavu katika vibakuli viwili, kimoja mezani na kingine karibu na kifaa chenye uvuguvugu. Vipime uzito asubuhi na jioni kwa siku saba, uchore grafu, na ueleze tofauti utakazoziona.